Mapigo Yaliyochorwa Ukutani

Mwezi wa kumi ulikuwa unaisha, na mvua bado hazijaanza. Mwaka ulikuwa 1996. Katika kijiji cha Lwenzagi, si mbali na Buseresere, watu walikuwa wakisafisha mashamba ya pamba.

Donatus alikuwa amerudi kutoka machimboni. Kila kiangazi alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Mvua zilipokaribia, alirudi nyumbani kulima. Mke wake, Nyamizi, alikuwa na mimba kubwa. Hakuweza tena kuinama na jembe. Alikaa uani akichambua choroko kwenye ungo. Mama mkwe wake, Eufrasia, alikuwa jikoni akisonga ugali wa muhogo.

"Mama, niache basi nikateke maji," Nyamizi alisema.

"Kaa hapo. Maji nitateka mimi. Wewe una mzigo wako."

Eufrasia alimpenda Nyamizi kama binti yake wa kumzaa. Walilima pamoja, walikwenda mnadani pamoja, na kwa mambo mengi walipatana. Jambo moja tu lilikuwa linawatenganisha. Eufrasia hakutaka Nyamizi ajifungulie kituo cha afya.

"Nimekwisha kuzungumza na yule mama wa ng'ambo ya mto," alisema huku akiweka ugali mezani. "Atakuja kukuzalisha hapa nyumbani."

Nyamizi alimtazama mume wake. Donatus alinawa mikono polepole, kama mtu anayetafuta la kusema.

"Mama, kule kituoni kuna dawa," alisema hatimaye. "Kuna daktari."

"Mwaka juzi daktari hakuwepo? Dawa hazikuwepo?"

Mwaka juzi Nyamizi alijifungua mtoto wake wa kwanza pale pale kituoni. Alikuwa mvulana mwenye nywele nyingi. Hakulia. Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Tangu siku ile, habari zake zilikuwa hazitajwi wakati wa kula. Siku hiyo zilitajwa, na hakuna aliyemaliza ugali wake.

*

Wiki hiyo hiyo, mgeni alifika kwa baiskeli. Alikuwa Scolastika, mkunga wa kituo cha afya cha Lwenzagi. Alihamia pale baada ya msiba wa familia hii, kwa hiyo hawakuwa wakifahamiana sana.

"Shikamoo, Mama Donatus."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Asante. Nyamizi hajaonekana kliniki mwezi huu. Nimekuja kumjulia hali, yeye na tumbo lake."

"Mjulie hali. Lakini kujifungua atajifungulia hapa."

Scolastika alimpima Nyamizi ndani ya nyumba. Alimwangalia macho na miguu, akapima tumbo, akasikiliza moyo wa mtoto. Alitumia fetoskopu, ile pembe ndogo ambayo mkunga huweka upande mmoja kwenye tumbo na upande mwingine kwenye sikio. Mtoto alikuwa mzima. Scolastika alipotoka nje, alimkuta Eufrasia anamsubiri.

"Nesi, nikuulize jambo," Eufrasia alisema. "Mwaka juzi nilikaa chini ya dirisha lenu mchana kutwa. Niliona kila kitu. Alikuja nesi na pembe kama hiyo. Akasikiliza, akaandika, akaondoka. Zamu ikabadilika. Akaja mwingine, akasikiliza, akaandika. Mtoto alikuwa anakufa na wao wanaandika. Sasa kule kusikiliza kulikuwa kwa ajili gani?"

Scolastika alikuwa amekwisha kushika baiskeli. Aliiegemeza tena ukutani, akaketi.

"Mimi sikuwepo, mama. Sijui kilichomuua mjukuu wako. Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya."

Eufrasia alimgeukia.

"Angalau wewe hujaniambia nisiulize."

"Swali lako ni la haki. Sina jibu la kukupa leo. Naomba niende nalo kazini."

*

Kituo cha Lwenzagi kilikuwa na chumba kimoja cha uzazi chenye vitanda viwili. Kwenye zamu ya Scolastika alikuwepo Lusia, nesi kijana mwenye bidii. Tabibu wa kituo aliitwa Athanas. Watu wote walimwita Daktari.

Mapema mwaka huo Scolastika alikwenda Shinyanga kwenye mafunzo. Huko alifundishwa kutumia patografu. Patografu ni karatasi kubwa yenye miraba. Mama akiwa katika uchungu, mkunga husikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa, kisha huweka nukta kwenye mraba wake. Nukta zikiunganishwa zinakuwa mstari. Mstari unaonyesha mtoto anavyoendelea.

Kituo kilipata karatasi hizo. Lakini manesi waliendelea kuandika namba kama zamani. Mara nyingi nukta ziliwekwa baada ya mama kujifungua, ili faili lijae. Na faili lilikaa chumba kingine.

Mchana wa siku aliyotoka kwa Eufrasia, Scolastika alimwita Lusia.

"Lusia, umemsikiliza mtoto ukapata mia na thelathini kwa dakika. Utafanya nini?"

"Nitaandika. Ni namba nzuri. Nzuri ni kuanzia mia na ishirini mpaka mia na sitini."

"Kabla yako, mwenzako alipata mia na hamsini."

"Nayo ni nzuri."

"Na baada yako, mwingine anapata mia na ishirini na mbili."

"Bado ni nzu—" Lusia alikatisha. Alifikiri. "Dada Scola, kumbe anashuka."

"Anashuka. Kila mmoja wetu ameandika namba nzuri, akaenda zake. Hakuna aliyeona kwamba mtoto anashuka."

Athanas alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aliingia akavuta kiti.

"Mimi huletewa faili wakati mambo yamekwisha kuharibika," alisema. "Hapo ndipo naona mstari. Unakuwa hauna faida tena."

"Tufanyeje, Daktari?"

"Tuutoe kwenye faili. Tuuweke mahali ambapo mtu hawezi kuingia chumbani bila kuuona. Mkubwa, wenye rangi."

*

Pale Buseresere kulikuwa na duka la vitambaa la Fazal na mke wake Zahida. Fazal alikaa mbele akihudumia wateja. Zahida alikaa nyuma yake kwenye cherehani, akishona sare za shule. Scolastika alimweleza Zahida anachotaka. Alitaka kitambaa chenye urefu wa mkono, kiwe na mistari mipana ya rangi. Katikati kijani. Juu na chini ya kijani, njano. Juu kabisa na chini kabisa, nyekundu.

Zahida alipanga vipande mezani, akaviangalia.

"Sista, hii bendera ya chama gani? Mwaka jana nimeshona za kila chama, hii sijaiona."

"Ni chama cha watoto ambao bado hawajazaliwa."

Zahida alicheka, kisha akataka kueleweshwa. Scolastika alimweleza. Kijani ni mapigo mazuri. Njano ni mahali pa kushtuka na kutazama upya. Nyekundu ni hatari, kwa sababu moyo unakwenda polepole mno au mbio mno. Kila nusu saa nesi atachoma pini moja mahali pa mapigo aliyohesabu. Kisha atavuta uzi mweusi kutoka pini ya nyuma mpaka pini mpya.

"Sasa nesi atajuaje nusu saa moja inaishia wapi?" Zahida aliuliza. "Atachoma pini ovyo."

Scolastika hakuwa amefikiria hilo. Zahida alichukua uzi mweupe, akashona mistari myembamba kutoka juu mpaka chini, kila mstari nusu saa. Pembeni alitarizi namba.

"Shona viwili," Scolastika alisema. "Vitanda ni viwili."

"Nitashona na cha tatu. Mimi nimezaa watoto wanne, sista. Hakuna aliyenionyesha hata mmoja anaendaje."

Kitambaa cha tatu kilikuwa kidogo. Scolastika alichora kwa chaki, Zahida akafuata kwa sindano. Kilikuwa na picha mbili. Katika kila picha, juu kulikuwa na vilima. Vilima vilikuwa ni uchungu unapobana na kuachia. Chini ya vilima ulipita uzi wa moyo wa mtoto. Katika picha ya kwanza, uzi ulikuwa na mawimbi madogo tu, hauanguki. Katika picha ya pili, kilima kilipokwisha, uzi uliingia kwenye bonde, ukachelewa kutoka.

*

Mwanzo haukuwa rahisi. Siku ya kwanza kutumia kitambaa, Lusia alichoma pini kwenye nyekundu. Akapiga kelele ya kuita watu. Athanas alikuja mbio. Alisikiliza mwenyewe, na mtoto alikuwa na mapigo mazuri kabisa.

Lusia aliona aibu. Athanas hakumgombeza.

"Ulimsikia mama, si mtoto," alisema. "Moyo wa mama ni wa polepole. Njoo. Weka sikio kwenye fetoskopu. Mkono wako mmoja ushike mkono wa mama, hapa kwenye mshipa. Mapigo yakienda pamoja, huyo ni mama. Tafuta mahali pengine. Yakienda mbalimbali, umempata mtoto."

Lusia alijaribu tena. Baada ya muda aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Nimempata."

"Hesabu dakika nzima. Anza pale uchungu unapoachia, maana hapo ndipo mtoto aliyechoka anajionyesha. Kitambaa hakina masikio. Kitaonyesha kile tu tunachokipa."

*

Scolastika alirudi kwa kina Donatus na ombi moja. Waje kituoni waone chumba, kabla siku hazijafika. Walikuja wote watatu, na Eufrasia alikuja mwisho, akitembea nyuma ya wenzake.

Chumbani hamkuwa na mgonjwa. Eufrasia alisimama mbele ya kitambaa, mikono nyuma.

"Mimi sikusoma," alisema.

"Hapa husomi, mama. Unatazama tu."

Scolastika alichoma pini kadhaa na kuvuta uzi. Uzi ulikwenda ndani ya kijani, ukipanda kidogo na kushuka kidogo. Kwenye kitambaa cha kitanda cha pili alichoma pini nyingine. Uzi huo ulianza sehemu ya juu ya kijani, ukashuka, ukashuka tena, ukafika karibu na njano.

"Hawa ni watoto wawili," alisema. "Yupi angekutia wasiwasi?"

Eufrasia hakusita. Alinyoosha kidole kwenye kitambaa cha pili.

"Huyu."

"Lakini bado yuko kwenye kijani."

"Yuko kwenye kijani, lakini anatoka. Wewe humwoni?"

"Namwona. Ndiyo maana nimetundika kitambaa hiki, ili na wenzangu wamwone."

Kisha akawaonyesha kitambaa kidogo. Akaeleza kwamba uchungu unapobana, mtoto hupata hewa kidogo kutoka kwa mama yake, kwa sababu mfuko wa uzazi unaminya mishipa. Ni kama mtu anayezama majini na kuibuka. Mtoto mwenye nguvu anavumilia. Mtoto aliyechoka, moyo wake unapungua kasi na kuchelewa kurudi. Bonde moja linaweza kuwa si kitu. Bonde likirudi kila uchungu unapokwisha, mtoto anaomba msaada.

Donatus aliuliza, "Mkiliona hilo bonde, mnafanya nini? Kuona tu hakutoshi."

"Kwanza tunamlaza mama ubavu wa kushoto, ili damu iende vizuri kwa mtoto. Tunampa maji. Tunamwita Daktari. Kama mtoto yuko karibu kutoka, tunamsaidia atoke. Kama bado yuko mbali, tunakwenda hospitali haraka, kwa sababu sisi hapa hatuna chumba cha upasuaji."

Eufrasia aligusa ule uzi unaoshuka. Aliupitisha chini ya kidole chake, kutoka pini ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Wetu hakuchorwa," alisema.

"Hakuchorwa, mama."

Nyamizi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda kile kile alichojifungulia mwaka juzi. Alikuwa akilia bila sauti. Donatus alikwenda akaketi karibu naye. Alimshika bega.

"Nitakuja naye siku yake ikifika," Eufrasia alisema. "Lakini sitakaa dirishani. Nitakaa humu ndani."

Scolastika alimtazama Athanas, aliyekuwa amesimama mlangoni. Kwa kawaida ndugu hawakuruhusiwa kuingia chumba cha uzazi.

"Mtu mmoja, mikono imeoshwa, hatakuwa na shida," Athanas alisema.

*

Uchungu ulimshika Nyamizi asubuhi, mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Donatus alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni na kumpeleka Nyamizi kituoni, akiwa amefunikwa turubai. Eufrasia alikaa nyuma, amemweka kichwa mapajani.

Kitanda cha pili kilikuwa na mama mwingine. Scolastika na Lusia waligawana kazi. Asubuhi yote, uzi wa mtoto wa Nyamizi ulikaa katikati ya kijani. Eufrasia aliketi kwenye kigoda, akimkanda Nyamizi mgongo, na kila nesi alipomaliza kusikiliza, macho yake yalikwenda ukutani.

Mchana mama wa kitanda cha pili alianza kusukuma. Scolastika alikwenda kumhudumia. Lusia akabaki na Nyamizi.

Alisikiliza. Uchungu uliachia, akahesabu. Ilikuwa namba ya chini kuliko ya mwanzo, lakini nzuri. Alichoma pini. Nusu saa nyingine akasikiliza tena. Mara hii, uchungu ulipoachia, mapigo yalipungua sana. Yalikuwa kama mtu anayetembea kwa kuchoka. Kisha yakarudi taratibu mpaka mia na ishirini na nne.

Lusia alishika mkono wa Nyamizi kwenye mshipa. Mapigo ya mama yalikuwa tofauti. Alikuwa anamsikia mtoto mwenyewe.

Angeweza kuandika mia na ishirini na nne. Mwaka uliopita angeandika hivyo, na asingekuwa mwongo. Lakini aliangalia ukuta. Uzi ulikuwa umeanza kuteremka tangu pini iliyotangulia. Hakungoja nusu saa ipite. Alisubiri uchungu uliofuata, akasikiliza tena. Bonde lilikuwepo. Uliofuata, lilikuwepo. Alihesabu mapigo ya bondeni, akachoma pini mpya kwenye njano.

"Dada Scola," aliita bila kupandisha sauti. "Naomba utazame ukuta wangu."

Scolastika alikuwa amepokea kichwa cha mtoto wa kitanda cha pili. Hakuweza kuondoka. Aliinua macho tu. Pale pale alipokuwa amesimama, aliona uzi wote.

"Mlaze ubavu wa kushoto," alisema. "Mwite Daktari. Endelea kusikiliza, usimwache."

Athanas alifika mara moja. Alimpima Nyamizi. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka, na maji yalikuwa ya kijani, mazito.

"Mtoto amejisaidia tumboni, amechafua maji," alisema. "Amechoka. Na njia haijafunguka yote. Akisubiri hapa, ataumia. Lazima twende hospitali."

Alikwenda kwenye redio ya mawasiliano kuwaambia watu wa hospitali ya Geita kwamba anakuja mgonjwa. Mlinzi wa kituo alipanda baiskeli kwenda dukani kwa Fazal kuomba gari.

Neno hospitali lilimwogopesha Nyamizi. Machimboni na vijijini watu walisema anayepasuliwa harudi kuwa mtu wa kulima. Alimshika Eufrasia mkono.

"Mama, nakufa?"

Eufrasia alisimama mbele ya kitambaa. Alikitazama kwa muda mfupi, kisha akageuka na kutoka nje. Donatus alikuwa barazani, nguo zimelowa.

"Mtoto anateremka," alimwambia. "Sikuambiwa, nimeona kwa macho yangu. Twende hospitali."

"Watampasua?"

"Wakiona inafaa, wampasue. Lete blanketi."

*

Fazal alipofika na pikapu yake, mtoto wa kitanda cha pili alikuwa amekwisha kuzaliwa, na Lusia akabaki kumtunza yeye na mama yake. Zahida alikuwa ametandika godoro nyuma na kuleta turubai jipya kutoka dukani. Nyamizi alilala ubavu wa kushoto. Scolastika alikaa upande wa tumbo, Eufrasia upande wa kichwa. Donatus alikaa mwisho, ameshika ncha za turubai lisipeperuke.

Barabara ilikuwa matope. Penye bonde moja gari liliteleza likakwama. Donatus aliruka chini, na wapita njia waliokuwa wakitoka shambani wakaweka majembe chini wakaja kusukuma. Fazal alipozima injini, Scolastika alitumia ule utulivu kuinama na kusikiliza.

"Yupo?" Eufrasia aliuliza.

"Yupo. Amepanda kidogo tangu alale ubavu. Bado amechoka."

Eufrasia alianza kusali kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Gari lilichomoka.

Hospitalini, Scolastika alimpa daktari wa zamu patografu. Lusia alikuwa ameweka nukta zote, sawasawa na pini za ukutani. Daktari hakuhitaji kuuliza mengi. Alifuata mstari kwa kalamu yake, akafika mwisho, akawaambia manesi waandae chumba cha upasuaji.

Eufrasia na Donatus waliketi kwenye benchi ukumbini. Donatus alikuwa na matope mpaka magotini. Mtu alipita na ndoo, mwingine akapita na mashuka. Kisha mlango wa ndani ulifunguliwa, na sauti ikasikika. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mbuzi mdogo, ikakatika, kisha ikarudi kwa nguvu zaidi.

Eufrasia alishuka kutoka kwenye benchi, akakaa sakafuni, akajifunika uso kwa khanga.

Scolastika alitoka akiwa anafuta mikono.

"Ni binti," alisema. "Mwanzo alikuwa mlegevu. Wamemfuta, wamemsaidia kuvuta hewa, sasa analia mwenyewe. Nyamizi yuko salama. Wanamshona."

"Wabheja," Eufrasia alisema chini ya khanga, akishukuru kwa Kisukuma. "Wabheja, nesi."

Mtoto aliitwa Kabula, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua.

*

Baada ya hapo, kituo cha Lwenzagi kilijiwekea utaratibu. Kila Ijumaa Athanas, Scolastika na Lusia walikaa na michoro ya wiki hiyo. Waliitandaza mezani, kila mmoja akasema anaona nini. Mara nyingi walipatana. Walipokosa kupatana, walibishana mpaka kila mmoja akaeleza sababu yake. Wakati mmoja walimkimbiza mama hospitali, na mtoto akatoka akiwa na nguvu kabisa. Hawakujuta. Mara nyingine mtoto alifariki ingawa walifanya yote. Siku hiyo Lusia alikaa mbele ya mchoro mpaka jioni, na Athanas akakaa naye. Lakini watoto waliozaliwa wamelegea walipungua, na hakuna nesi aliyepokea zamu bila kusimama kwanza na kutazama ukuta.

Nyamizi alipona. Msimu wa pamba uliofuata alikuwa shambani, Kabula mgongoni.

Kiangazi kilipofika, Donatus alirudi machimboni. Jumapili moja Scolastika na Lusia walimfuata huko. Kambini waliishi wanawake wengi, wake wa wachimbaji na mama lishe, na wengi walijifungulia kwenye vibanda vya maturubai. Donatus alikuwa amewakusanya watu penye kivuli cha banda la kusagia mawe. Alishika kitambaa cha rangi mbele yao, kama mtu anayeuza nguo.

"Mimi si nesi," alisema. "Mnanijua, mimi nachimba na nyinyi. Lakini mwanangu yuko hai kwa sababu mtu aliona uzi unashuka. Kwa hiyo nawaambieni. Wapelekeni wake zenu mapema. Mkifika, muulizeni nesi, mtoto wangu yuko wapi kwenye rangi? Ana wajibu wa kuwaonyesha."

Mchimbaji mmoja, aitwaye Ngassa, aliinua mkono. Mke wake alikuwa amesimama karibu naye, tumbo limetangulia.

"Huyu wa kwetu utamchora ukimwona wapi? Bado yuko ndani."

Watu walicheka. Scolastika alitoa fetoskopu mkobani.

"Tunamchora kwa kumsikiliza. Njoo umsikilize."

Mke wa Ngassa alilala kwenye mkeka ndani ya banda la mama lishe. Scolastika alitafuta mahali, akaweka pembe, akamwelekeza Ngassa aweke sikio. Yule bwana alipiga magoti, mikono yake bado ina vumbi la mawe. Mwanzo alikunja uso. Hakusikia kitu. Scolastika alisogeza pembe kidogo.

Ngassa alitulia. Wenzake waliokuwa wakichungulia mlangoni wakanyamaza. Halafu kidole chake kikaanza kugonga kwenye mkeka, haraka haraka, bila yeye kujua.

"Anasemaje?" mke wake aliuliza.

"Ngoja," Ngassa alisema. "Ngoja kwanza. Bado nahesabu."